Mgonjwa Ametoka Chumba cha Upasuaji: Hatari Inavyoanza na la Kufanya

Usiku mmoja nilipokea zamu nikamkuta mama aliyepasuliwa tumbo asubuhi ya siku hiyo. Kwenye chati presha yake ilisomeka 118 kwa 74, na pembeni pameandikwa "anaendelea vizuri". Nikamshika mkono. Kiganja kilikuwa cha baridi, kina jasho jembamba, kucha zimepauka. Mapigo 124. Nikatazama saa ya ukutani nikahesabu pumzi zake dakika nzima bila kumwambia: 28. Katika muda huo mfupi alikuwa ameshaniuliza mara tatu kama kumekucha. Kwenye mfuko wa mkojo palikuwa na vijiko vichache tu, mkojo umekolea rangi. Aliporudishwa mezani usiku uleule, daktari alikuta uzi uliofunga mshipa mmoja umeteleza, na tumboni mna zaidi ya lita moja ya damu. Alipona. Lakini presha, ile namba tuliyokuwa tukiitegemea, ilibaki nzuri hadi anaingizwa mlangoni.

Tangu hapo sikubali mgonjwa wa upasuaji aanze kupimwa kwa mashine ya presha. Mwili unaopoteza damu hubana mishipa ya ngozi, mikono, miguu na figo ili kilichobaki kifike kwenye moyo na ubongo. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Anaweza kupoteza zaidi ya lita moja na presha isiyumbe, hasa akiwa kijana. Vinavyobadilika mapema ni pumzi, mapigo, ubaridi wa viganja, mkojo, na maneno yanayomtoka mdomoni. Presha huja kushuka mwishoni, na ikishashuka muda wa kufanya kazi kwa utulivu umeisha.

Mwongozo huu nimeuandikia muuguzi na tabibu wa wodi. Ndugu anayekesha kando ya kitanda naye ana sehemu yake, maana mara nyingi ndiye anayeona kwanza. Vipimo vya dawa nilivyovitaja ni vya mtu mzima, na ni kwa waliofundishwa kuzitoa.

Namba za kuwa nazo kichwani kwa mtu mzima aliyetulia: pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, mapigo 60 hadi 100, oksijeni ya kidoleni asilimia 95 kwenda juu, joto 36 hadi 37.5, na mkojo usiopungua nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mtu wa kilo 60, kwa hiyo, atoe angalau mililita 30 kila saa. Pumzi uzihesabu wewe mwenyewe dakika nzima, kwa kutazama kifua au kuweka mkono juu ya tumbo. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne.

Hatua ya 1: Maswali kabla ya kisu

Matatizo mengi ya mezani huwa yameshajitangaza siku moja kabla, ila hakuna aliyeuliza. Muulize mgonjwa kama amewahi kupewa nusu kaputi na ilikwendaje. Muulize kama kuna ndugu wa damu aliyefariki au kupatwa na homa kali akiwa amelazwa usingizi. Muulize dawa zinazomdhuru, dawa anazomeza kila siku, meno yanayocheza, na kama anakoroma sana usiku hadi pumzi inakatika. Jibu la "ndiyo" lolote kati ya hayo limfikie mtaalamu wa usingizi kwa mdomo wako. Likibaki kwenye faili peke yake, unaweza kukuta halijasomwa.

Kuhusu kufunga, kanuni ni hizi: chakula cha kutafuna saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4 kwa mtoto mchanga, maji matupu saa 2. Sababu ni kupaliwa. Usingizi wa dawa huzima kikohozi na kulegeza mlango wa juu wa tumbo, chakula kinapanda, kinashuka kwenye mapafu na kuyaunguza kwa tindikali. Mgonjwa aliyekula asifiche kwa kuogopa kuahirishiwa. Mwambie hivyo kwa upole, na umweleze kwa nini, kwa sababu mtu akielewa husema kweli. Nimewaona pia waliofungishwa maji tangu jana yake usiku wakapasuliwa alasiri. Hao huingia wakiwa wamekauka, na presha yao huanguka mara tu dawa inapoingia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali za miji minane duniani yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo isomwe kwa sauti, watu wakiwa wamesimama na mikono imetulia. Ikijazwa baadaye kwa kalamu haimlindi mtu.

Hatua ya 2: Nusu saa ya kwanza, linda njia ya hewa

Mwaka 1848, miezi michache tu baada ya klorofomu kuanza kutumika, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alikufa karibu na Newcastle, Uingereza, akiwa anang'olewa ukucha wa kidole cha mguu. Ndicho kifo cha kwanza cha dawa ya usingizi kuandikwa kwa kina. Nakitaja kwa sababu ya ule ukucha. Hakuna upasuaji mdogo kwa upande wa usingizi, na anayeamka kutoka kwenye usingizi mfupi anastahili jicho lilelile.

Kaa kichwani pa mgonjwa. Kama anakoroma, ulimi umerudi nyuma na umeziba nusu ya njia. Usifurahi ukoromaji ukinyamaza bila wewe kufanya chochote, huenda njia imeziba yote. Tazama kifua na tumbo: kifua kikibonyea wakati tumbo linapanda, kama ubao wa bembea, hewa haiingii hata kama unaona mwili unajitahidi.

Kunyanyua taya kunafanywa hivi. Simama nyuma ya kichwa. Weka vidole vyako vya kati nyuma ya pembe ya taya, pale chini ya sikio, pande zote mbili. Sukuma taya zima kwenda mbele mpaka meno ya chini yawe mbele ya yale ya juu, huku vidole gumba vikifungua mdomo kidogo. Ukifanya sawasawa utasikia pumzi ikipita ghafla, na mgonjwa mara nyingi hukunja uso kwa maumivu, nayo ni dalili njema. Fyonza mate na damu unavyoviona, weka oksijeni, kisha mlaze ubavu akiwa anapumua vizuri. Akitapika, inamisha kichwa cha kitanda na umgeuze ubavu palepale, ndipo ufyonze.

Mlio mwembamba wa kuvuta pumzi kwa tabu, hasa kwa mtoto, ni koo la sauti lililobana. Huchochewa na mate au damu ikigusa pale wakati usingizi haujaisha. Acha kumshikashika. Oksijeni tupu, barakoa ibanwe vizuri usoni, taya lisukumwe mbele kwa nguvu, na mfuko wa kupumulishia ubonyezwe kwa shinikizo la taratibu lisilokatika. Mtaalamu wa usingizi aitwe hapohapo, kwa sababu isipofunguka ndani ya muda mfupi atahitaji suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli upesi, na mpira wa kupumulia kooni.

Kuna wawili wengine wanaofanana kwa mbali, ila tiba zao zimeachana kabisa. Wa kwanza macho yako wazi, ana hofu, anatapatapa kama samaki aliyetolewa majini, mikono inarukaruka bila nguvu, sauti haitoki. Huyo dawa ya kulegeza misuli haijamtoka. Mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto na akishikilie sekunde 5. Akishindwa, anahitaji neostigmini pamoja na atropini, au sugamadeksi kama dawa aliyopewa inaikubali, na asaidiwe kupumua mpaka nguvu zirudi. Zungumza naye muda wote. Anasikia kila kitu.

Wa pili amelala kwa raha kupita kiasi. Pumzi 6 au 8 kwa dakika, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano. Amezidiwa na mofini, ile dawa kali ya maumivu, au ndugu zake. Mwite jina, mtingishe bega, mwamuru avute pumzi, mpe oksijeni. Naloksoni, dawa inayoipinga mofini, iende kidogo kidogo kwenye mshipa, miligramu 0.1, subiri dakika 2 au 3, rudia. Ukimpa nyingi kwa mkupuo utamwamsha katika maumivu makali. Jambo linalosahaulika ni kwamba naloksoni huisha mwilini kabla ya mofini, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuamka, akazungumza, kisha akazama tena baada ya saa moja pasipo na mtu karibu. Asihamishwe kwenda wodini upesi.

Hatua ya 3: Sindano ya mgongoni

Ganzi ya uti wa mgongo ni rafiki mkubwa, hasa kwa mama wa upasuaji wa uzazi, na matatizo yake yanajulikana vyema. Dakika chache baada ya dawa kuingia, mishipa ya miguu hulegea na presha hushuka. Mgonjwa mwenyewe hukwambia kabla ya mashine: "Nasikia kichefuchefu." Kichefuchefu cha ghafla baada ya sindano ya mgongo kichukue kuwa ni presha imeshuka mpaka uthibitishe vinginevyo. Fungulia dripu, mpe dawa ya kupandisha presha, efedrini miligramu 5 hadi 10 au finilefrini, kwa maelekezo ya mtaalamu wa usingizi, na mama ambaye mtoto hajatoka ainamishwe upande wa kushoto nyuzi 15 hivi ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa.

Ganzi ikipanda mno, vidole vya mikono huanza kuwasha kama vimekufa ganzi. Mwambie akubane vidole vyako viwili. Mbano ukiwa dhaifu na sauti imegeuka mnong'ono, ganzi imekaribia misuli ya kupumua. Oksijeni, mfuko wa kupumulishia mkononi, presha itunzwe, na mgonjwa apumulishwe mpaka ganzi ishuke. Kumkalisha wima hakumsaidii. Presha itaanguka zaidi.

Kichwa kinachouma siku ya pili au ya tatu, kikizidi anapoketi na kupoa anapolala chali, kinatokana na maji ya uti wa mgongo kuvuja kwenye tundu la sindano. August Bier, daktari Mjerumani aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, alijaribiwa sindano mwenyewe na akaumwa kichwa cha namna hiyohiyo kwa siku kadhaa. Maji ya kunywa, dawa za kawaida za maumivu na kupumzika huwatosha wengi. Kisipokubali, mtaalamu wa usingizi anaweza kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe mkononi na kuichoma mgongoni ili izibe tundu. Lakini kichwa chenye homa na shingo ngumu ni kitu kingine. Na kichwa cha mama aliyejifungua kikija na presha ya juu, macho kuona vimulimuli au degedege, hicho ni kifafa cha uzazi, usikisingizie sindano.

Miguu nayo ina saa yake. Ikifika saa ya 4 tangu dozi ya mwisho ya ganzi na mgonjwa bado hawezi kunyanyua mguu ulionyooka, au nguvu zilirudi kisha zikapotea, au mgongo unauma vibaya na mkojo hautoki, mwite mtaalamu wa usingizi sasa hivi. Damu au usaha ukikandamiza uti wa mgongo, kila saa inayopita ina thamani. Kusubiri asubuhi kunaweza kumgharimu miguu yake.

Hatua ya 4: Mwili unapoikataa dawa

Mzio mkali huja ndani ya dakika chache. Ngozi inavimba vipele vinavyowasha, midomo inafura, kifua kinalia kama filimbi, presha inaanguka. Kwa aliye kwenye usingizi, presha kuanguka kunaweza kuwa dalili pekee, maana ngozi imefunikwa kwa mashuka. Wanaoongoza ni viuavijasumu, dawa za kulegeza misuli, na mpira wa glavu. Simamisha kilichokuwa kinaingia. Adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa nje, rudia kila dakika 5 ikihitajika, oksijeni, dripu ya kasi, alale chali miguu juu. Wengi huanza na haidrokotisoni na dawa ya mzio kwa kuiogopa adrenalini. Hizo haziokoi mtu anayekufa kwa mzio. Adrenalini ndiyo inayookoa, na ikichelewa haina tena nguvu ileile.

Dawa ya ganzi ya kuchoma sehemu moja nayo huua ikizidi. Lidokaini isiyo na adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kilo, yenye adrenalini isizidi 7. Fanya hesabu kabla ya kuvuta dawa: asilimia 2 maana yake ni miligramu 20 kwa kila mililita, kwa hiyo mtu wa kilo 50 mwisho wake ni miligramu 150, yaani mililita 7 na nusu. Bomba moja la mililita 10 limeshavuka. Mgonjwa akilalamika midomo inakufa ganzi, mdomoni anasikia ladha ya chuma, masikio yanavuma, toa sindano upesi. Kinachofuata ni degedege, kisha moyo. Oksijeni, dawa ya degedege, na dripu ya mafuta ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kuanzia.

Tatizo la tatu ni nadra, lakini ndilo lililo nyuma ya lile swali la ndugu aliyekufa kwa homa. Kuna watu waliorithi misuli isiyovumilia gesi za usingizi kama halotheni, wala suksametoniamu. Misuli inakaza, taya linagoma kufunguka, hewa chafu anayotoa inapanda, mapigo yanakimbia, na joto, ambalo mara nyingi huja nyuma ya hayo yote, linapaa. Lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 huko Melbourne, Australia. Gesi izimwe, oksijeni tupu, mgonjwa apozwe, na dantrolini, dawa ya kulegeza misuli hiyo iliyokaza, miligramu 2.5 kwa kilo itolewe. Mahali pasipo na dantrolini, swali la ukoo ndilo kinga pekee mliyo nayo.

Hatua ya 5: Saa 24 za kwanza, itafute damu

Damu si lazima ionekane. Ipapase chini ya mgongo wa mgonjwa na kwenye mkunjo wa nyonga, kwa sababu hutiririka kwenda chini na bandeji ya juu ikabaki nyeupe. Ukikuta doa kwenye bandeji, lizungushie mstari wa kalamu na uandike saa. Baada ya nusu saa huhitaji kubishana na mtu kama limekua. Mpira wa kutolea damu uliokuwa ukijaza chupa na ghafla umekauka unaweza kuwa umezibwa na bonge. Tumbo liangalie hata kama chupa ni tupu.

Mtoto aliyetolewa tonsili akilala anamezameza mate mara kwa mara, mfungue mdomo umulike kwa tochi. Anameza damu. Baadaye atatapika nyingi kwa mpigo na ndugu watashangaa imetoka wapi. Damu ya pili ya tonsili huja tena kati ya siku ya 5 na ya 10, akiwa nyumbani, kwa hiyo mama yake aelezwe kabla hajaondoka.

Mgonjwa wa tezi ya shingo asifunikwe shingo yake kwa bandeji nene isiyoruhusu kuona. Shingo ikianza kujaa, kola ya gauni inambana, pumzi inatoa mlio, damu inakusanyika ndani na kukaba koo. Hapa hakuna kusubiri gari la kumsukuma. Nyuzi zikatwe palepale kitandani na aliyefundishwa, bonge litoke, kisha arudishwe chumba cha upasuaji. Mkasi uwe kando ya kitanda chake tangu anaporudi. Siku zinazofuata, huyohuyo akisema midomo na vidole vinamchonyota, pima kalisiamu, maana tezi ndogo za jirani zinazoitawala kalisiamu huenda zimeguswa.

Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, tomasa tumbo la uzazi kila dakika 15 katika saa ya kwanza. Liwe gumu kama mpira uliojaa. Likiwa laini kama unga uliokandwa, lisugue mpaka likaze, toa dawa ya kulikaza, hesabu pedi.

Ukishuku damu inatoka: piga kelele upate msaada, mlaze chali, oksijeni, kanula mbili nene, damu ya kupimwa kundi na kulinganishwa, blanketi la kumpa joto kwa kuwa mwili wa baridi haugandishi damu vizuri. Bandeji ya nje iliyolowa iongezee nyingine juu na ukandamize. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 itolewe taratibu kwa dakika 10 daktari akiagiza. Dripu zinakununulia muda tu. Anayevuja ndani tiba yake ni daktari wa upasuaji.

Hatua ya 6: Kuanzia siku ya pili

Homa ndogo siku mbili za kwanza mara nyingi ni mwili unaitikia jeraha. Sikiliza mapafu na umkalishe, usikimbilie kubadilisha viuavijasumu. Kuna ubaguzi mmoja wa kutisha: kidonda kinachouma kupita kiasi ndani ya saa 48, ngozi inageuka kijivu, maji machafu yanatoka, ukibonyeza pembeni unasikia hewa inatatarika chini ya ngozi. Hao ni wadudu wanaokula nyama, na tiba yao ni kisu tena, usiku huohuo.

Mapafu yanaumwa kwa sababu kidonda kinauma. Mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi, sehemu za chini za pafu zinajikunja, makohozi yanakaa. Kwa hiyo maumivu yatibiwe kwa saa zake, bila kungoja alie. Kisha mfundishe: keti, kumbatia mto juu ya mshono, vuta pumzi ndefu 10 kila saa akiwa macho, halafu kohoa kwa nguvu akiwa ameubana mto. Atembee kuanzia siku ya kwanza kama daktari hajakataza, hata hatua tano kuizunguka kitanda. Kutembea huko kunakinga na miguu. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, shavu la mguu likawa la moto na linauma, damu imeganda. Usiukande. Akishikwa ghafla na pumzi fupi, kichomi au kukohoa damu, bonge limefika kwenye mapafu: oksijeni na daktari mara moja.

Mkojo usipotoka saa 6 hadi 8 baada ya mpira kuondolewa, papasa chini ya kitovu. Nimeshakuta mzee aliyefungwa mikono kitandani "kwa kuwa amechanganyikiwa", kumbe kibofu kimejaa hadi karibu na kitovu. Tulipoweka mpira alilala fofofo. Mzee anayeweweseka baada ya upasuaji apimwe kwanza oksijeni, sukari, kibofu, maumivu na homa. Kisha mrudishie miwani yake na kifaa chake cha kusikia, taa izimwe usiku, ndugu anayemfahamu akae karibu amwambie yuko wapi na ni siku gani. Kumfunga kunamwongezea vita.

Tumbo lililoshonwa utumbo lina siku zake mbaya, hasa kati ya ya 5 na ya 7, mshono wa ndani unapoachia. Mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu anaacha kula, mapigo yanapanda bila sababu unayoiona, tumbo linakaza, hewa haitoki tena. Mapigo hayo yaliyopanda yaheshimu hata kama joto bado ni zuri.

Katika siku hizohizo, bandeji ya tumbo ikilowa ghafla maji ya rangi ya waridi, usiibadilishe tu ukaondoka. Maji hayo hutangulia tumbo kufumuka. Matumbo yakitoka nje, mlaze chali magoti yamekunjwa, yafunike kwa gozi safi lililoloweshwa maji ya chumvi ya dripu, usiyarudishe kwa mkono, asinywe wala kula, na daktari aitwe. Shika mkono wa mgonjwa. Ameyaona matumbo yake mwenyewe.

Hatua ya 7: Jinsi ya kumwita daktari

Kusema "daktari, mgonjwa wa kitanda cha 4 hali si nzuri" hakumtoi mtu kitandani. Sema hivi: "Mimi ni muuguzi wa zamu. Mama wa kitanda cha 4, alipasuliwa utumbo leo saa nne asubuhi. Pumzi 28, mapigo 124, viganja baridi, mkojo mililita 20 kwa saa mbili, anarudia maswali. Presha bado 118. Nadhani anavuja ndani. Naomba uje sasa. Nianze nini wakati nakusubiri?" Andika saa uliyopiga. Asipokuja, mpigie aliye juu yake, na usiombe radhi kwa hilo.

Ndugu wa mgonjwa nawe una sentensi yako: "Huyu leo si kama tulivyomzoea." Muuguzi mwenye busara akiisikia, anainuka. Ikipuuzwa, iseme tena kwa mtu mwingine, na umwombe ahesabu pumzi mbele yako.

Hatua ya 8: Kurudi nyumbani

Kwa saa 24 baada ya usingizi, asiendeshe gari, asitie saini mkataba, asikae peke yake. Koo kukwaruza siku moja au mbili kwa sababu ya mpira ni kawaida. Arudi hospitali kidonda kikiwa chekundu kinachopanuka, kina moto, usaha au harufu. Homa ikivuka 38. Akitapika bila kukoma. Mguu mmoja ukivimba. Pumzi zikiwa fupi. Wadudu wa kidonda wanaweza kujitokeza mpaka siku ya 30, na kwa aliyewekewa chuma mwilini hata miezi mitatu, kwa hiyo asiambiwe kwamba nyuzi zikitoka mambo yamekwisha.

Kama alipata tatizo lolote la dawa mezani, asiondoke bila karatasi. Iandikwe tarehe, jina kamili la dawa, kilichotokea baada ya dakika ngapi, na tiba iliyomrudisha. Kama mpira ulikuwa mgumu kuingia kooni, iandikwe pia ni njia gani hatimaye ilifaulu. "Ana mzio wa sindano" haimsaidii daktari atakayemkuta miaka kumi baadaye, usiku, akiwa hawezi kujieleza. Nakala moja aweke na cheti chake cha kliniki, nyingine ampe mtu anayeishi naye, naye aisome kwa sauti mbele yako kabla hawajatoka mlangoni.